Kufuga Mbwa Malindi: Mwongozo Kamili Kuanzia Ua Hadi Sindano

Ukiyataja yanayowaua mbwa mapema hapa Malindi, yaani parvo (ugonjwa wa kuhara damu), kichaa, maradhi ya kupe, sumu ya panya na tuktuk za barabara ya Lamu, utaona karibu yote huingilia pahali pamoja: mlango wa ua ulioachwa wazi. Ile desturi ya kumfungulia mbwa alfajiri akajitafutie riziki mtaani ndiyo inayomfupishia maisha, na ndiyo inayowachosha majirani. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na ua, kabla hata mbwa mwenyewe hajafika.

Hatua ya kwanza: ua na majirani

Zunguka ua wako ukitazama chini, usitazame juu tu. Ukuta wa matumbawe hauna taabu, lakini ua wa makuti mbwa huupenya kwa chini katika siku chache, hasa kwenye mchanga wetu laini. Chimba mfereji mfupi kando ya ua, panga mawe, fukia. Lango liwe la kujifunga lenyewe, maana watoto wakitoka mbio kwenda shule au chuoni hawakumbuki komeo.

Mnyororo si badala ya ua. Mbwa aliyefungwa kutwa kwenye mnyororo wa hatua mbili hupata vidonda shingoni na huwa mkali kwa kila apitaye, mtoto wa nyumbani akiwemo. Ikiwa huna budi kumfunga kwa saa kadhaa, tandaza waya kati ya nguzo mbili, kamba yake iteleze juu ya waya huo ili apate kutembea, na kivuli na maji yawe pahali anapofika.

Sasa majirani. Katika mitaa kama Shela, Barani na Maweni nyumba zimepakana na misikiti iko karibu. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa na unyevu wake ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara 7, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Jirani anayempisha mbwa mbali akielekea sala ya alfajiri hana chuki na mnyama. Analinda kanzu yake na udhu wake. Dini hiyohiyo imeruhusu mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda, na ndiyo iliyotupa kisa cha mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Haki ya jirani na haki ya mnyama zinakaa pamoja bila shida, ukiweka utaratibu: bakuli la mbwa liwe lake peke yake na lioshwe nje, banda liwe mbali na pa kuanikia nguo, na mbwa asipite sebuleni wala penye mkeka wa kuswalia.

Nenda ukaseme mapema, kabla ya mbwa kuja. "Shikamoo mzee. Nataka kuleta mbwa wa ulinzi. Atakaa ndani ya ua usiku na mchana. Akikusumbua kwa lolote, niite saa yoyote." Maneno hayo machache yana kazi kubwa kuliko unavyodhani. Sumu inayotupwa juu ya ukuta usiku aghalabu hutanguliwa na ugomvi ambao haukuzungumzwa.

Hatua ya pili: kumchagua

Kwa joto letu, mbwa wa kienyeji hana mpinzani. Manyoya yake mafupi, pua yake ndefu na mwili wake mwepesi ndivyo jua la pwani linavyotaka. German Shepherd anaweza kuishi hapa akipata kivuli na maji ya kutosha, lakini wale wenye manyoya mazito ya nchi za theluji, na wale wenye pua iliyobonyea, ni kuwatesa. Mbwa hatoi joto kwa jasho la mwili kama sisi. Hulitoa kwa kuhema, na mwenye pua fupi hawezi kuhema vizuri.

Usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajafika wiki 8. Mtazame: ufizi uwe wa waridi, macho makavu bila tongo, matako safi bila alama za kuhara. Tumbo lililojaa kama ngoma huku mbavu zimetokeza ni minyoo. Hilo linatibika, lakini lijue mapema. Kuanzia siku ya kwanza mzoeshe kushikwa masikio, makucha na mdomo, na azoee sauti za mtaani, bodaboda, adhana na watoto. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayoamua kama atakuwa mwoga au mtulivu, na mbwa mwoga ndiye anayeuma.

Hatua ya tatu: chanjo

Chanjo ya parvo na ya homa ya mbwa (distemper) huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Watu wengi huchoma moja wakaacha. Moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama huizuia chanjo kufanya kazi, na hakuna ajuaye kinga hiyo itakwisha wiki gani. Ndiyo sababu ya kurudia. Rudia tena akifikisha mwaka.

Mpaka chanjo hizo zikamilike, mtoto asikanyage barabarani wala pwani. Kirusi cha parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na huletwa nyumbani kwa soli ya ndala. Ikiwa mbwa mwingine alikufa kwa kuhara damu katika ua huohuo, osha sakafu kwanza kwa sabuni, kisha kwa jiki, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iache dakika 10 ndipo usuuze. Penye mchanga mtupu jiki haifai kitu. Hapo mlete mbwa aliyekwisha kuchanjwa kikamilifu, usilete mtoto mwingine.

Chanjo ya kichaa hutolewa akiwa na miezi 3, na hurudiwa kila mwaka. Hii haina mjadala.

Hatua ya nne: kichaa cha mbwa, ukijue vizuri

Kenya imejiwekea mpango wa kutokomeza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka, na Septemba 28 kila mwaka ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, ambapo mara nyingi chanjo hutolewa kwa wingi. Sikiliza matangazo ya idara ya mifugo ya kaunti ya Kilifi na umpeleke mbwa wako, ukimshika kwa kamba wala si kwa mkono.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba karibu visa vyote vya binadamu, asilimia 99, vinatokana na mbwa, na wahasiriwa wanne kati ya kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Mtoto huumwa akajificha, akihofia kugombwa. Waambie watoto wako leo kwamba aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa hagombwi kamwe, bali aje aseme hapohapo.

Dalili si kufoka mate na kukimbiza watu tu. Mbwa aliyekuwa mkali huweza kuwa mpole ghafla, na mpole akawa mkali. Sauti hubadilika, hutembea ovyo, huuma mawe na vijiti. Na kuna dalili inayowahadaa wengi: taya hulegea, mdomo hubaki wazi, mate yanachuruzika, hawezi kumeza. Mwenyewe hudhani ni mwiba wa samaki umemkwama, akatia mkono kooni autoe. Usitie mkono. Mfungie chumbani au bandani, umwite daktari wa mifugo.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo. Usipake majani, mafuta ya taa wala kahawa. Kisha aende hospitali siku hiyohiyo aanzishiwe sindano, na azimalize zote kwa ratiba atakayopewa, hata kidonda kikikauka. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kabla ya hapo chanjo humwokoa. Ikiwa mbwa aliyeuma anajulikana na ana afya, asiuawe papo hapo. Afungiwe na atazamwe kwa siku 10. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, hakuwa akiambukiza alipouma. Lakini aliyeumwa asingoje siku hizo ziishe ndipo aende hospitali.

Hatua ya tano: kupe

Hapa ndipo wafugaji wa pwani wanaposhindwa, na sababu ni moja: wanapigana na kupe walio juu ya mbwa, wakawaacha walio ukutani. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia ya peke yake. Anaweza kuishi maisha yake yote, kutoka yai hadi ukubwa, ndani ya nyumba. Jike akishashiba damu huanguka, hupanda ukuta, hujificha kwenye ufa, na hutaga mayai kwa maelfu. Kuta zetu za matumbawe zenye matundu, paa za makuti na boriti za mikoko zimekuwa kwao makazi mazuri kweli. Wazima hukaa miezi bila kula wakingoja. Kwa hiyo ukimwosha mbwa Jumamosi, Jumatano amejaa tena.

Fanya hivi. Kwanza, mpe mbwa dawa yenye kudumu: kidonge cha kutafuna, ambacho kuna cha mwezi na kuna cha miezi 3, au dawa ya matone ya mgongoni. Kidonge ni ghali kuliko kuogesha, lakini hakiondoki kwa maji ya bahari, na kwa maoni yangu ndiyo matumizi bora ya fedha yako baada ya chanjo. Dawa hununuliwa kwa uzito wa mbwa, basi mpime. Panda mizani ukimbeba, kisha upande peke yako, utoe.

Pili, siku hiyohiyo, shughulikia banda. Ziba nyufa kwa saruji au chokaa mpaka urefu wa mtu. Toa magunia na matandiko, uyachemshe au uyachome. Nyunyizia dawa ya kupe kwenye kuta na pembe kama kibandiko kinavyosema, mbwa akiwa amefungwa mbali mpaka pakauke. Rudia baada ya wiki mbili, na tena, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa ya siku ya kwanza.

Tatu, mkague kila jioni: ndani ya masikio, kati ya vidole, makwapani, chini ya mkanda wa shingoni, chini ya mkia. Mbane kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumsokota, mtie kwenye chupa yenye spiriti. Usimponde kwa vidole. Usimchome kwa njiti.

Kuna mambo matatu nakuomba usiyafanye. Usimwogeshe mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kukisia kipimo. Wengine hutetemeka, wengine hufa. Usimpake oili chafu ya gari, hata kwa upele. Huilamba ikamdhuru tumbo na ini. Na kama una paka, na Malindi nani hana paka, usimtilie dawa ya mbwa, kwani permethrini iliyomo katika baadhi yake humuua paka.

Kupe wanachosha, lakini hatari ni kile wanachokibeba. Mbwa anayekataa chakula, ana homa, ufizi umepauka na mkojo umekuwa mwekundu mweusi, huenda ana babesia. Anayetoka damu puani, ana madoa mekundu tumboni na anakonda, huenda ana erlikia, ambayo hutibiwa kwa dozi ya doksisaiklini ya wiki 4 hivi. Yote mawili huthibitishwa kwa kipimo cha damu. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha, kwa kuwa dawa ya moja haitibu jingine.

Hatua ya sita: minyoo, funza na mbu

Mtoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kuanzia wiki 2, kila wiki mbili mpaka afike miezi 3, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, baadaye kila miezi 3. Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye mkia, huyo ni tegu aletwaye na viroboto. Tibu vyote viwili.

Kinyesi kiokotwe kila siku, kizikwe au kitiwe kwenye taka. Sisemi hivi kwa unadhifu tu. Viluwiluwi vya safura ya mbwa hukaa mchangani, humwingia mtu kupitia nyayo, na humwachia mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha chini ya ngozi. Watoto wanaocheza pekupeku ndio wanaoteseka.

Funza, ambao wengine huwaita tekenya, huingia nyayo za mbwa kama zinavyoingiliwa nyayo zetu, hasa kiangazi, penye sakafu ya vumbi. Mbwa anayechechemea na kujiramba makucha, fungua vidole utazame. Ukiwatibu watoto ukamwacha mbwa, watarudi. Piga saruji sakafu ya banda, au walau uimwagilie maji mara kwa mara.

Mbu nao huwapa mbwa minyoo ya damu. Mwaka 1958 wataalamu walieleza aina mpya ya mnyoo huo waliyoikuta kwa mbwa, paka na kanu (mnyama mdogo wa mwitu afananaye na paka) wa kisiwa cha Pate, Lamu, na jina lake la kisayansi, Brugia patei, limebeba kisiwa hicho. Mwulize daktari kuhusu kinga ya kila mwezi, na usiache maji yakae kwenye vifuu na matairi.

Hatua ya saba: chakula na maji

Ugali mtupu haulei mbwa. Nusu ya bakuli iwe ugali au wali, nusu nyama au samaki: matumbo yaliyochemshwa, vipande vya buchani, dagaa. Dagaa wazima ni wazuri kwa mtoto anayekua kwa sababu wanaliwa na mifupa yao laini. Waloweke kwanza utoe chumvi. Ng'onda na papa mkavu waachie watu, chumvi yao imezidi. Vichwa vya samaki vichemshe, uondoe miiba. Mifupa iliyopikwa usimpe, hupasuka vigae vikali vikatoboa utumbo. Mapafu na maini mabichi ya machinjioni huweza kuwa na malengelenge ya tegu hatari kwa watu, basi yapike mpaka yaive.

Jambo lisilojulikana na wengi: mapishi yetu matamu ni sumu kwake. Mabaki ya pilau, biriani na mchuzi yamejaa vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo huvunja chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa wa kilo 10, gramu 150 za kitunguu, yaani kitunguu kimoja kikubwa, zinatosha kumdhuru, na kidogokidogo cha kila siku nacho hujumlika. Zabibu kavu, zile za kwenye biriani na keki za Idi, huweza kuangusha figo. Siku za harusi na sikukuu mfungie mbwa mbali na masufuria, na uwaambie wageni wasimtupie.

Mtoto ale mara 3 au 4 kwa siku, mkubwa mara 2. Kipimo cha unene ni mkono wako: mbavu zisionekane kwa mbali, lakini ukimpapasa uzihisi. Maji yawe safi na ya baridi, yaani yasiyo na chumvi. Visima vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. Usimfanyie mbwa hayo ndiyo maji yake, mpe ya mfereji unayokunywa wewe, na uweke akiba kwenye mtungi kwa siku mfereji ukikauka.

Hatua ya nane: jua na pwani

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, mtembeze baada ya alfajiri na jua likishapoa jioni, si katikati. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde 7. Usipovumilia wewe, nyayo zake hazivumilii. Banda la makuti lililo wazi pande mbili, lango likitazama upepo, linashinda banda la mabati mara kumi.

Akihema kupita kiasi, ufizi mwekundu sana, anayumba au anatapika, ameshikwa na joto. Mtie kivulini, mmiminie maji ya kawaida mfululizo tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee. Usimfunike taulo lililolowa, hufungia joto ndani. Mpoze kwanza, ndipo umpeleke kwa daktari.

Pwani mshike kwa kamba. Mchanga wa Malindi na Watamu hutagwa mayai na kasa, na mbwa aliyeachiwa huyafukua kiota kizima kwa dakika chache. Asinywe maji ya bahari, na akitoka msuuze kwa maji baridi. Tazama pia kinachotupwa na wavuvi: bunju aliyekauka mchangani bado ana sumu, na sumu hiyo haina dawa.

Hatua ya tisa: sumu na nyoka

Sumu ya panya, dawa za shambani na hata panya aliyekwisha kula sumu vyote huua mbwa. Ukimwona amekula, mpeleke na pakiti ya sumu hiyo mkononi ili daktari ajue cha kutibu. Usimpe Panadol wala ibuprofeni ukidhani unamtuliza maumivu. Zote mbili humdhuru.

Swila akimtemea macho, mwoshe kwa maji mengi kwa dakika 15, kisha umwone daktari. Akiumwa na nyoka, usimkate wala kumfunga kamba kidonda. Mbebe asitembee, mkimbize. Mkumbuke nyoka umbo na rangi, lakini usimfuate.

Hatua ya kumi: uzazi

Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, kila mara wiki 3 hivi, na mimba yake ni siku 63. Ikiwa huna nyumba zilizokwisha kukubali watoto, mfunge uzazi kuanzia miezi 6. Dume mhasi. Mbwa wanaopandana ovyo hupeana uvimbe wa sehemu za siri unaochuruzika damu kwa miezi. Unatibika kwa sindano za kila wiki, lakini ni mateso yaliyoweza kuepukwa. Kutupa watoto wa mbwa jaani au ufuoni ni ukatili, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama inaukataza.

Wakati wa kumwita daktari

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2 za Selsiasi, likipimwa kwa kipimajoto nyuma. Likipita 39.5 akiwa ametulia kivulini, au akikataa kula kwa siku nzima, anahara damu, ufizi mweupe, tumbo limevimba ghafla, anajikaza bila kukojoa, usingoje kesho. Mtoto wa mbwa anayetapika hukauka maji kwa saa chache tu.

Mtafute daktari kabla ya kumhitaji. Mwulize usajili wake katika Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kwa sababu muuza dawa wa agroveti, hata awe na ujuzi gani, si lazima awe daktari. Mwulize anapatikana saa ngapi usiku, anafika mpaka mtaa gani, na anahifadhi chanjo kwenye friji yenye umeme wa akiba au la, kwani chanjo iliyopata joto haimkingi mbwa. Mbwa mwenye maumivu huuma hata mwenyewe, basi uwe na kitambaa cha kumfunga mdomo, isipokuwa akiwa anatapika au anahema kwa shida. Kadi yake ya chanjo itie kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wa pwani usiile, na uiweke pamoja na namba ya daktari na ya mwenye tuktuk anayekubali kubeba mbwa.